Waliohesabiwa kwa Majina: Kusaka Nasaba Kati ya Kajiado na Ujerumani

Tarehe 1 Desemba 1900, fomu za sensa zilijazwa nyumba kwa nyumba katika jimbo la Mecklenburg-Schwerin, kaskazini mwa Ujerumani. Kila kaya iliandikwa kwa majina: mume, mke, watoto, mtumishi wa ndani, kibarua wa zizini. Kando ya kila jina palijazwa tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, kazi na dini. Fomu hizo hazikutupwa. Zimehifadhiwa mpaka leo, na mtu mwenye jina la ukoo na la kijiji anaweza kumkuta babu wa babu yake akiwa mtoto wa miaka 3, ameandikwa katikati ya dada yake na mchunga ng'ombe wa kwao.

Siku hiyo hiyo, katika mbuga za Kaputiei ambako leo umesimama mji wa Kitengela, hakuna aliyeandikwa. Reli ya Uganda ilikuwa imepita Athi River mwaka uliotangulia. Wamaasai wa eneo hilo walikuwa ndio kwanza wanajiinua kutoka kwenye mikasa ya miaka ya 1890, pale sotoka ilipofyeka ng'ombe, ndui ikaua watu, na ndugu wakageukiana kwa mikuki. Watu walikuwapo, na maboma, na ndoa, na vizazi juu ya vizazi. Daftari halikuwapo.

Matokeo yake yanaonekana waziwazi leo. Mwenye asili ya Kijerumani anayeishi Kajiado anaweza kufuata karatasi hadi karne tatu nyuma akijua pa kubisha hodi. Jirani yake Mmaasai, ambaye ukoo wake umekaa katika ardhi hiyo muda mrefu kuliko ofisi yoyote, huona karatasi zikikatika alipozaliwa baba yake, pengine hata kabla. Wote wawili wanatafuta kitu kimoja: nani alimzaa nani, wapi, na lini. Lakini njia zao hazifanani hata kidogo, na sababu yake ni historia ya nani alihesabiwa, na nani, na kwa lengo gani.

Mstari uliopita katikati ya watu

Tarehe 1 Novemba 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana bara kwa mstari uliochorwa kwenye ramani. Ulianzia pwani karibu na Vanga, ukapanda hadi Ziwa Jipe, ukazunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha ukanyooka hadi Ziwa Viktoria. Sehemu ya mstari huo ndiyo leo mpaka wa kusini wa Kaunti ya Kajiado: Loitokitok, Namanga, hadi upande wa Ziwa Natron. Wakati ule ni Wajerumani wachache sana waliokuwa wamelitia mguu eneo lenyewe. Daktari Gustav Fischer ndiye aliyejulikana zaidi. Mwaka 1883 alikuwa amevuka Umaasaini akitokea Pangani, akafika karibu na Ziwa Naivasha, akarudi.

Mstari huo uliwakuta Wamaasai wakiwa watu wamoja, na kabla ya kupita miaka 10 ulikuwa umeingia ndani ya nyumba yao maarufu kuliko zote. Loiboni mkuu Mbatian alipofariki mnamo mwaka 1890, wanawe Olonana na Sendeu waligombea urithi wake. Olonana, ambaye vitabu vingi vya Kenya humwita Lenana, alishikamana na Waingereza. Sendeu alihamia upande wa Loliondo, katika himaya ya Wajerumani, na kutoka huko vita vya ndugu hawa wawili viliendelea hadi mwaka 1902, Sendeu alipojisalimisha. Kwa msaka nasaba, hilo lina maana kubwa. Watoto wa baba mmoja, wa ukoo wa Ilaiser, tawi la Inkidong'i, waliingia katika kumbukumbu za dola mbili na lugha mbili. Anayefuatilia jamaa za Sendeu kwa karatasi za Kiingereza peke yake ataona nusu ya habari.

Nusu ya pili iliandikwa Moshi. Huko aliwekwa ofisa wa jeshi la Kijerumani aitwaye Moritz Merker, ambaye mwaka 1904 alichapisha Berlin kitabu kikubwa kiitwacho Die Masai. Aliorodhesha koo, marika, sheria za ndoa, alama za ng'ombe, hata majina ya mimea. Kitabu hicho kina kasoro nzito: Merker alijishawishi kwamba Wamaasai ni jamaa za Waisraeli wa kale, na dhana hiyo, ambayo haikusimama, imepenya katika kurasa nyingi. Hata hivyo, ukiweka dhana kando, inabaki orodha ya koo na marika iliyokusanywa wakati wazee waliozaliwa katikati ya karne ya 19 walikuwa bado hai. Mwaka uliofuata Mwingereza A. C. Hollis alichapisha chake, The Masai. Vitabu hivyo viwili, vilivyosomwa pamoja, vinasaidia kuliko takwimu nyingi za serikali za wakati ule. Lakini hakuna hata kimoja kilichopita boma kwa boma kuandika nani anaishi na nani.

Wajerumani wa Leganga na njia ya Volga

Upande wa kusini wa mstari, Wajerumani walianza kuhamia kwa ajili ya kulima. Waliojaa katika meli za Deutsche Ost-Afrika Linie, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1890, walipanda Hamburg na kushuka Tanga au Dar es Salaam. Safari hiyo peke yake iliacha ushahidi, kwa sababu orodha za abiria waliotoka bandari ya Hamburg kati ya mwaka 1850 na 1934 zipo kwa sehemu kubwa, na kila abiria ameandikwa jina, umri, kazi na mahali alipokuwa akiishi kabla ya kuondoka. Alipofika, alihesabiwa tena: serikali ya koloni ilitoa kila mwaka idadi ya wakazi weupe. Mwanzoni mwa mwaka 1913 walikuwa 5,336. Waafrika wa koloni hilo, waliozidi milioni 7, waliwekwa katika ripoti hizo hizo kwa kukadiria.

Kundi moja linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu linaonyesha jinsi sensa za zamani zinavyofanya kazi zikiunganishwa. Karibu na mwaka 1906, Wajerumani waliozaliwa Urusi waliletwa kukaa Leganga, chini ya Mlima Meru, mwendo usio mrefu kutoka mpaka wa Namanga. Walikuwa wakulima maskini, na serikali ilitumaini watakuwa mfano kwa wengine wa aina yao. Mradi haukustawi. Lakini tuseme leo mtu amegundua kwamba babu yake mkuu alikuwa mmoja wao. Ataanzia wapi?

Kosa la kwanza ambalo wengi hulifanya ni kukimbilia Ujerumani. Mtu huyo hakuzaliwa huko, wala baba yake. Inabidi kwanza kuuliza alitoka sehemu gani ya Urusi. Akiwa alitoka makoloni ya mto Volga, njia yake ni ya ajabu kwa jinsi ilivyokamilika. Malkia Katerina wa Pili alitangaza tarehe 22 Julai 1763 kwamba wageni wanakaribishwa kulima nyika za Urusi, na maelfu ya Wajerumani, wengi wao kutoka Hesse, wakaitikia. Walioshuka bandari ya Oranienbaum mwaka 1766 waliandikwa na karani aitwaye Ivan Kuhlberg, na mahali walipotoka pakatajwa. Kisha makoloni hayo yakahesabiwa kwa majina mwaka 1775, 1798, 1834, 1850 na 1857.

Orodha hizo hazikuishia kwenye kuhesabu. Ile ya mwaka 1834 inamtaja mwanamume, umri wake katika hesabu iliyotangulia, umri wake wa sasa, na kama amefariki katikati, mwaka aliofariki. Kwa hiyo mtafutaji anashika mtoto wa kiume wa miaka 4 katika orodha ya 1857, anamtazama baba yake, anamtafuta baba huyo akiwa kijana katika orodha ya 1834, na kutoka hapo anarudi kwa babu. Orodha ya mwaka 1798 ina jambo jingine lililo adimu duniani: kila mke ameandikwa jina la ukoo wa baba yake na koloni alikoolewa kutoka. Kwa mstari huo mmoja, nusu ya familia ambayo sensa nyingi huifukia inajitokeza. Hatua chache zaidi, na mtafutaji amefika kwenye kitabu cha ubatizo cha kijiji fulani cha Hesse, kilichoanzishwa pengine katika karne ya 17.

Na ikiwa familia ilitoka Kaukazi badala ya Volga, basi Hesse haihusiki. Wajerumani wengi wa Kaukazi walihama kutoka Württemberg katika miaka ya 1817 na 1818, na makanisa ya Württemberg yalikuwa yameanza wakati huo kutunza rejista za familia, ukurasa mmoja kwa nyumba moja. Jimbo moja la asili, mahali pamoja pa kuhamia, na njia ya kurudi nyuma inabadilika kabisa.

Vita vilipofika Kajiado

Mwaka 1914 mstari wa kwenye ramani ukawa uwanja wa vita. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi Agosti. Waingereza nao waliifanya barabara ya Kajiado, Bissil na Namanga kuwa njia ya kupeleka askari na shehena kusini, wakisaidiwa na reli ya Magadi iliyokuwa inajengwa kupitia Kajiado. Tarehe 3 Novemba walishambulia Longido, ng'ambo ya Namanga, wakarudishwa nyuma. Miongoni mwa waliowakabili walikuwa askari wa Kiafrika wa jeshi la Kijerumani pamoja na walowezi wapanda farasi kutoka upande wa Arusha na Moshi, wakulima waliovaa sare. Kabla mwezi haujaisha Waingereza walikuwa wameikalia Longido, na kutoka hapo, Machi 1916, waliteremka kuelekea Moshi na Arusha.

Vita hivyo vilivuruga karatasi, lakini pia vilizaa nyingine. Wanaume wa Kijerumani waliokamatwa walipelekwa kambini, wengine hadi Ahmednagar nchini India, wengine Misri, na kadi za mateka na mahabusu raia zikafika kwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu mjini Geneva, ambayo leo imeziweka wazi kwenye intaneti. Ujerumani nayo ilichapisha orodha za waliouawa, waliojeruhiwa na waliotoweka, nyingi zikitaja mahali alikozaliwa askari. Kwa familia iliyopoteza vyeti vyote, neno hilo moja la kijiji linaweza kuwa ndilo lililobaki.

Baada ya vita Wajerumani wa Tanganyika walifukuzwa, na mashamba yao yakauzwa kama mali ya adui. Katazo la kurudi liliondolewa mwaka 1925. Hapo ndipo wasaka nasaba wengi hukwama: mtu yupo katika kumbukumbu za 1913, hayupo katika sensa ya Tanganyika ya 1921, kisha anatokea tena mwishoni mwa miaka ya 1920 na mke mwingine na watoto wawili. Hakufa. Alikuwa Ujerumani, na miaka ile ya katikati inatafutwa katika ofisi za vizazi na ndoa za huko, ambazo katika Prussia zilianza kuandika raia wote tangu tarehe 1 Oktoba 1874, na katika dola nzima tangu Januari 1876.

Sensa iliyowaacha wenyeji

Upande wa Kenya, serikali ya kikoloni ilifanya sensa mwaka 1911, 1921, 1926 na 1931. Wazungu walikuwa 3,175, wakaongezeka hadi 9,651, kisha 12,529, na hatimaye 16,812. Wahindi, Waarabu na wengine waliotajwa kuwa si wenyeji walihesabiwa pia. Waafrika hawakuhesabiwa. Idadi yao ilitokana na kodi ya nyumba na makadirio ya maofisa wa wilaya, na ilibadilika kadiri ofisa alivyobadilika. Uandikishaji wa vizazi na vifo ulifuata mkondo huo huo: ulikuwa wa lazima kwa Wazungu tangu mwaka 1904, ukafika nchi nzima kwa kila mtu mwaka 1971.

Kwa Wamaasai hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ndiyo miaka waliyokuwa wanahamishwa. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaondoa Bonde la Ufa na kuwagawa katika hifadhi mbili, ya Laikipia na ya kusini, ambayo ilijumuisha Kajiado. Mkataba wa mwaka 1911 ukawaondoa Laikipia pia, na hadi mwaka 1913 watu na mifugo walikuwa wakisukumwa kusini. Ole Njogo na wenzake walikwenda mahakamani mwaka huo kupinga, wakashindwa. Uhamisho mkubwa kama huo, wa watu na mali zao zote, haukuacha orodha ya nyumba zilizohama. Ripoti za maofisa zinataja idadi ya ng'ombe kwa uangalifu kuliko majina ya wenye ng'ombe.

Sensa ya kwanza ya Kenya iliyowajumuisha Waafrika ilifanyika mwaka 1948, na ikapata watu 5,405,966 nchi nzima. Ilikuwa hatua kubwa, lakini kilichochapishwa ni majedwali: wilaya, kabila, jinsia, umri. Mtu anayetafuta bibi yake wa Isinya katika vitabu hivyo atakuta namba ambayo ndani yake bibi yumo.

Wala si busara kudhani kwamba kuandikwa jina ni heri siku zote. Tarehe 17 Mei 1939, Ujerumani ya Hitler ilifanya sensa yenye kadi ya ziada, na katika kadi hiyo kila mkazi aliulizwa kama babu na bibi zake wanne, mmoja mmoja, walikuwa Wayahudi. Hakuna sensa iliyouliza nasaba kwa undani zaidi, na hakuna iliyouliza kwa nia mbaya zaidi. Sehemu kubwa ya kadi hizo imesalia, na leo wajukuu wa waliouawa huzitumia kuwatafuta jamaa zao.

Kenya inaguswa moja kwa moja na hesabu hiyo. Familia ya Zweig, kutoka Leobschütz katika Silesia ya Juu, ilikimbilia Kenya mwaka 1938: kwanza Walter, mwanasheria aliyenyimwa kazi kwa sababu ni Myahudi, kisha mkewe Jettel na binti yao Stefanie, aliyezaliwa mwaka 1932. Vita vilipoanza, Waingereza walimweka Walter kizuizini kwa kuwa alikuwa Mjerumani, ingawa Ujerumani yenyewe ndiyo iliyomfukuza. Jamaa zao kadhaa waliobaki waliuawa. Mwaka 1947 familia ilirudi Frankfurt, na Stefanie alikuja kuandika riwaya Nirgendwo in Afrika, iliyotolewa mwaka 1995. Filamu yake ilishinda Oscar mwaka 2003. Alifariki mwaka 2014.

Ukitafuta Zweig hawa katika kadi za 1939 kwa anwani ya Leobschütz, hutawakuta, maana walikuwa tayari Kenya. Utawakuta waliobaki nyuma. Vitabu vya mji wenyewe havipo tena Ujerumani kiutawala: Leobschütz sasa ni Głubczyce, Poland. Na mtu wa Kajiado anayesoma kwamba walikaa Rongai asikimbilie Ongata Rongai. Shamba lao lilikuwa Rongai ya upande wa Nakuru, katika ardhi ya walowezi. Ongata Rongai ilikuwa ndani ya hifadhi ya Wamaasai, ambako mlowezi hakupewa shamba. Jina moja linaweza kumpeleka mtafutaji kwenye wilaya isiyo yake na kumpotezea miezi.

Daftari la rika

Mmaasai wa Kajiado hana fomu ya mwaka 1900, lakini hakosi kalenda. Anayo ya marika. Kila kizazi cha wanaume waliotahiriwa pamoja hupewa jina, na majina hayo hufuatana bila kurudi nyuma: Iltalala, Iltuati, Iltareto, Ilterito, Ilnyangusi, Iseuri, Ilkitoip. Tohara ya Iltalala ilianza mnamo miaka ya 1880, ya Iltuati katikati ya miaka ya 1890, ya Iltareto karibu na 1911, ya Ilterito katikati ya miaka ya 1920, ya Ilnyangusi mwanzoni mwa miaka ya 1940, na ya Iseuri mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndani ya rika moja kuna mkono wa kulia, waliotangulia, na mkono wa kushoto, waliofuata, kwa hiyo muda unaweza kubanwa zaidi.

Hebu tuchukue mzee wa rika la Iseuri anayeishi nje kidogo ya Kitengela. Hajui mwaka aliozaliwa. Kitambulisho chake kina tarehe iliyobuniwa ofisini. Lakini anajua kwamba baba yake alikuwa Ilterito wa mkono wa kulia. Hiyo inamweka baba huyo katika tohara ya mwishoni mwa miaka ya 1920 au mwanzoni mwa 1930, na kwa kuwa vijana hutahiriwa katika miaka ya ujana wao, alizaliwa mnamo kati ya 1908 na 1918. Akisema babu yake alikuwa Iltuati, tayari tuko kwa mtu aliyezaliwa wakati wa sotoka au kabla yake kidogo. Vizazi vitatu vimepangwa kwenye karne, bila karatasi hata moja.

Rika linatoa wakati. Ukoo unatoa mahali pa mtu katika watu wake. Yeye ni wa Odomong'i au wa Orok-kiteng? Ilmolelian, Ilmakesen, Iltaarrosero, Ilaiser au Ilukumai? Na sehemu yake ni ipi: Ilkaputiei wa Kitengela na Isinya, Ilmatapato wa Bissil na Namanga, Ilodokilani wa Magadi, Ilkeekonyokie wa Ngong, au Ilkisonko wa Loitokitok, ambao jamaa zao wengi wako Tanzania? Aliyehamishwa kutoka Laikipia baada ya mwaka 1911 mara nyingi anajulikana kwa sehemu yake hata akiwa amekaa kati ya wengine kwa vizazi.

Karatasi zenyewe zilikuja na ardhi. Mwaka 1968 Bunge lilipitisha sheria mbili zilizoruhusu ardhi ya Wamaasai kuandikishwa kama ranchi za vikundi, na kila ranchi ilipaswa kuwa na rejista ya wanachama. Ranchi ya Kitengela, yenye hekta zaidi ya 18,000, iliandikisha wanachama zaidi ya 200. Kwa mara ya kwanza, nyumba za Wamaasai wa sehemu hii ziliorodheshwa kwa majina katika kitabu cha serikali. Ranchi hiyo ilipogawanywa mwaka 1988 kila mwanachama akipewa kipande chake, orodha ikageuka kuwa hatimiliki, na hatimiliki nyingi zikauzwa. Mtu anayetaka kujua ni boma la nani lilikuwa pale ambapo leo pana mtaa wa maghorofa anaweza kuanzia hapo. Lakini rejista hizo ziliandika wakuu wa nyumba, takriban wote wanaume. Wake, na mabinti walioolewa mbali, hawamo.

Mji uliomea juu ya daftari

Wilaya ya Kajiado ilikuwa na watu 85,903 mwaka 1969. Sensa ya mwaka 1999 iliwakuta 406,054. Ile ya Agosti 2019 iliikuta kaunti na watu 1,117,840, na mji wa Kitengela peke yake 154,436. Viwanda vya eneo la mauzo ya nje la Athi River, lililoanzishwa mwaka 1990, vilivuta vibarua. Barabara ya Namanga ikavuta biashara. Bei ya nyumba Nairobi ikavuta familia. Wamaasai, Wakikuyu, Wakamba, Waluo, Wasomali na wageni kutoka mbali wanakaa ploti kwa ploti.

Wajerumani nao wamo katika historia ya mji huu. Msanii Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani aliyefika Afrika Mashariki kupitia Serengeti, ndiye aliyeanzisha Kitengela Glass ukingoni mwa bonde la Mbagathi, na mwanawe Anselm Croze akaendeleza kazi ya kupuliza vioo kutoka chupa zilizotumika. Kwa mtu atakayeandika siku moja historia ya familia hiyo, kuna angalizo: jina la Croze alilipata kwa ndoa, kwa Harvey Croze, mtafiti wa tembo. Atakayelifuata jina hilo hatafika Ujerumani. Ni lazima atafute jina alilozaliwa nalo mama, na hiyo ni sheria ya kazi hii popote duniani.

Anayeanza leo ana milango kadhaa. Ujerumani hufungua cheti cha kuzaliwa baada ya miaka 110, cha ndoa baada ya 80, na cha kifo baada ya 30, ili wafu watafutwe bila kuwaumbua walio hai. Kenya hailegezi masharti hivyo kwa sensa: majibu ya mtu binafsi ni siri kisheria, na hilo linafaa, kwa kuwa mwaka 1939 umetuonyesha siri ikivunjwa inafika wapi. Lakini ripoti za kila mwaka za maofisa wa wilaya ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Barabara ya Moi, Nairobi, na rejista za ardhi zinaweza kuombwa kwa utaratibu.

Kilicho cha haraka hakiko ofisini. Wanaume wa Ilnyangusi, waliotahiriwa katika miaka ya 1940 na 1950, sasa wamevuka miaka 80, na wengi hawapo tena. Wao ndio wa mwisho waliolelewa na watu walioiona Laikipia kabla ya 1911. Kijana wa Kitengela mwenye simu ya kurekodi anaweza kufanya kazi ambayo serikali mbili za kikoloni hazikuifanya, na maswali manne yanatosha kuanzia: rika gani, mkono upi, ukoo gani, na mama yako alitoka boma la nani. Hilo la nne liliulizwa kwa kila mke wa koloni la Volga mwaka 1798, na halikuingia katika rejista ya ranchi yoyote ya Kaputiei. Bibi wa miaka 90 huko Isinya bado analijua jibu lake, na la mama yake, na la mama mkwe wake.